Mji Usio na Juu

Wiki iliyopita tulimzika Mama Mdogo kwenye makaburi yaliyo sawa kama meza. Nilisimama kando ya shimo nikitafuta mteremko, hata mdogo tu, mahali ambapo maji ya mvua yangejua pa kwenda, nikaukosa. Kwetu Bukavu humziki mtu bila kuhema. Jeneza hupandishwa kwa zamu, wanaume wakibadilishana mabega kwenye kila kona ya kilima, na akifa mtu mnene watu husikitika mara mbili. Hapa Toronto gari lilimfikisha hadi ukingoni, mashine ikamteremsha polepole kwa kubonyezwa kitufe, na padri akatazama saa yake. Sikulia pale. Nililia baadaye kwenye maegesho, na nilichokuwa nakililia ni kile kitufe.

Kutoka hapo tulikwenda kula nyumbani kwa Esta, Markham. Esta ni mtoto wa pekee wa Mama Mdogo. Ana nyumba nzuri, ana kazi ya kompyuta ambayo sijawahi kuielewa, na ana Kiswahili cha kusikia tu; ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Wageni walipopungua alinivuta jikoni, akafunga bomba lililokuwa likimwaga maji juu ya masufuria. "Yaya," akasema, maana ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa, "Mama alisema nini kule hospitali?" Nesi alikuwa amemwambia kwamba mama yake alizungumza nami kwa muda mrefu, yeye ambaye hakuwa na pumzi ya kuomba maji. Na Esta mwenyewe, jioni ya mwisho, alimsikia akirudia neno moja, shuka, shuka. Akadhani anataka kushushwa. Akamwita nesi, wakakiteremsha kitanda mpaka kikagota. Mama Mdogo alimtazama binti yake, akampapasa mkono, akageukia ukutani.

Nililijua swali lililokuwa chini ya swali hilo. Esta alikuwa na miaka minne baba yake alipofariki, na anachojua ni hiki: kwamba Jumamosi moja ya baridi alitoka nyumbani, na Jumatatu akakutwa bondeni, ameketi kando ya kijito, amevua viatu, wakati barabara yenye mabasi ilikuwa juu yake, karibu kiasi cha kusikika. Mtu haketi hivyo, aliniambia zamani, siku moja alipokuwa amekunywa divai kidogo, mtu haketi hivyo bila kuwa ameamua. Amekua, amesoma, ameolewa na ameachika akiamini kwamba baba yake alikuwa na mtoto wa miaka minne na bado akaamua kufa. Hakuwahi kumwuliza mama yake. Aliogopa jibu, na mimi sikuwa nalo la kumpa. Sasa nilikuwa nalo. Nikamwambia avae koti twende mahali, na kwa kuwa kutoka Markham mpaka kule ni mwendo mrefu na barabara ilijaa magari, nilipata wasaa wa kuupitia mwaka ule wote kichwani kabla ya kufungua kinywa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilitua Toronto nikitokea Nairobi, ambako nilikuwa nimekaa muda wa kutosha kujifunza Kiingereza cha kujitetea, na Mama Mdogo akanipokea kwenye ghorofa yao ya Downsview, katika jengo lenye maghala upande mmoja na majengo pacha yake upande wa pili. Tulikuwa ghorofa ya tisa. Chumba cha kulala kilikuwa kimoja, wakalala humo yeye, mumewe na Esta. Mimi nikapewa kochi la sebuleni, chini ya dirisha, ubavuni mwa hita iliyokuwa ikigonga usiku kama mtu aliyefungiwa nje. Nguo zilianikwa juu ya viti. Tulikula bugali wa unga wa muhogo uliochanganywa na semolina, sombe, yaani kisamvu, ya barafu iliyokatwakatwa kwa kisu cha mkate, na siku njema visamaki vya dukani ambavyo Mama Mdogo aliviita sambaza, kama dagaa wa ziwa letu, kwa kuvionea huruma. Yeye alifanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha mikate. Alirudi asubuhi na unga kwenye nyusi, akamlisha Esta, kisha akalala mlango ukiwa wazi ili amsikie mumewe akitembea.

Mumewe ndiye Papa Deo. Alikuwa amemzidi Mama Mdogo umri kwa mbali, na kule Kadutu, mtaa wa kilimani Bukavu, alikuwa fundi viatu. Viatu ndivyo alivyovitumia kuisoma dunia. Mtu wa Bukavu, alisema, soli yake inakwisha kwenye kisigino na kwenye ncha, kwa sababu maisha yake yote anashuka akijizuia au anapanda akijisukuma. Alipofika Toronto aliomba aone viatu vya majirani, akavigeuza mlangoni mmoja baada ya mwingine, akakuta vimelika sawasawa kotekote. Akavirudisha kwa masikitiko. "Huu mji hauna tabia," akaniambia. Aliwahi kuniuliza maana ya jina la mtaa wetu, nikamtafsiria kwa kadiri yangu kwamba ni kama kusema mwonekano wa kule chini. Akaenda dirishani, akasimama kwa muda mrefu akitafuta kule chini kuliko na mwonekano. Aliona mapaa ya maghala, reli, na theluji. Watu wa hapa wakisema wanakwenda "down" mjini yeye alicheka, kwa sababu aliwatazama wakienda na hakuna aliyeteremka hata hatua.

Kwa asiyeijua Bukavu, ni mji uliomwagwa juu ya vilima vinavyoingia ziwani kama vidole vya mkono, na hakuna nyumba iliyo usawa mmoja na jirani yake. Paa la jirani wa chini liko kwenye miguu yako. Ukitaka kujua amepika nini huulizi, unanusa. Maskini wanakaa juu, ambako mvua ikikazana udongo hukatika na nyumba ikaondoka na watu wake, asubuhi ukakuta mlango tu umesimama. Wenye nacho wanakaa chini, Muhumba na Nguba, bustani zao zikigusa maji. Wageni huja wakapiga picha, wakasema pazuri, na ni kweli pazuri, ila mimi kila nikiona zile picha nawahesabia wale wa juu mvua zilizobaki. Hakuna anayekuelekeza kwa kushoto na kulia. Unaambiwa panda mpaka kwa muuza makaa, shuka mpaka kwenye bomba, panda tena. Salamu ya asubuhi ni kuulizana kama mtu ameshuka, na jibu ni kwamba ameshuka, atapanda jioni. Mtoto akipotea sokoni haogopi sana, maana kila mtoto amefundishwa kwamba ziwa liko chini: afuate njia yoyote inayoteremka, ataliona, na akiliona atajua yuko wapi.

Papa Deo alipoona mji hauna mlima, akajitengenezea wake. Kila asubuhi alivaa kofia yake ya sufu na koti, akashuka ngazi za jengo mpaka chini kabisa, kisha akapanda tena mpaka kwetu, lifti ikiwa nzima pembeni yake. Ngazi zile alizipa majina ya mitaa ya Bukavu. Chini palipo na masanduku ya barua palikuwa Nguba. Ghorofa ya nne palikuwa Nyawera, na kwetu juu palikuwa Kadutu. Ukikutana naye akihema kwenye ngazi alikwambia mambo ya huko alikotoka, kwamba Nguba leo kuna baridi, kwamba Nyawera wanakaanga vitunguu. Mzee mmoja wa Kitanzania wa ghorofa ya pili alizoea kumtania kwamba kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, naye akajibu kwamba kwao ngoma ni vyote viwili. Tulicheka. Nataka Esta ajue kwamba tulicheka, kwa sababu yaliyofuata yameufunika mwaka ule mpaka mtu angedhani hatukuwahi.

Kadiri baridi ilivyozidi, kumbukumbu zake zilianza kuvuja. Mara ya kwanza alipotea kwenye ngazi zake mwenyewe: nilimkuta ghorofa ya sita akigonga mlango wa watu, akimwita mama yake. Mara ya pili alitia viatu vya Esta kwenye sufuria ya maji, akisema ngozi inahitaji kulainishwa kabla ya kushonwa. Daktari alituambia tungoje miadi ya daktari mwingine, na kwa kuwa kesi yetu ya ukimbizi ilikuwa haijasikilizwa, tuliogopa hata kuuliza miadi hiyo ni lini. Mama Mdogo akawa halali. Akirudi kiwandani alikaa kitini karibu na mlango, macho yamefumba, mkono kwenye kitasa. Asubuhi moja, nikiwa kochini wakadhani nimelala, nilimsikia akizungumza na dada yake kwa simu. "Nimechoka, dada," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya. "Mungu amuchukue tu. Apumuzike, na miye nipumuzike." Nikajifunika blanketi mpaka kichwani. Kwa umri wangu ule sikujua kwamba watu wanaopendana husema maneno kama hayo, na kwamba mara nyingi wapendanao ndio wanaoyasema.

Jumamosi yenyewe ilikuwa siku ya kunyoa. Kulikuwa na kinyozi Mkongomani ng'ambo ya daraja, kwenye barabara ya Finch, na Papa Deo alipenda kwenda kwake kwa sababu pale watu walizungumza kwa sauti kubwa. Kwa kawaida Mama Mdogo alimpeleka. Siku ile alikuwa ameunganisha zamu mbili, amerudi miguu imevimba, na mzee alikuwa ameshavaa koti na kofia, amesimama mlangoni kama mtoto wa shule. Basi lilikuwa moja tu, bila kubadilisha, na njia aliijua. Mimi nilikuwa bafuni nikijiandaa kwenda kazini ghalani. Nilimsikia Papa Deo akiuliza kitu. Nikamsikia Mama Mdogo akijibu, na katika jibu lake nikanasa neno "shuka", kisha nikafungua maji, na mabomba ya jengo lile yalikuwa na kelele za kutosha kuzima mahubiri. Nilipotoka, mzee alikuwa ameondoka. Mama Mdogo alikuwa amejitupa kitandani bila hata kuvua koti, na Esta alikuwa sakafuni akitazama katuni.

Niliporudi jioni kulikuwa kumeshaingia giza. Mama Mdogo alikuwa dirishani, Esta anakula mkate mkavu. Kinyozi alikuwa amesema kwa simu kwamba hajamwona mzee. Tuliwapigia polisi, tukawapigia watu wa kanisani, na kesho yake, badala ya misa, watu walitawanyika kwenye vituo vya mabasi na kwenye maduka makubwa, mahali ambapo mzee mwenye baridi angeweza kuketi. Mama Mdogo hakwenda nao. Alisema anakwenda ziwani. Nikamwambia ziwa liko mbali, ni treni, Papa Deo hajui treni. Akaniambia basi nibaki. Sikuweza kumwacha, hakujua kusoma vibao. Tulishuka kwenye treni katikati ya mji, tukatembea ukingoni mwa maji siku nzima, upepo ukitupiga usoni mpaka midomo yake ikapasuka. Alimwonyesha picha kila aliyepita. Alichungulia nyuma ya kila benchi. Ziwa Kivu ukilitazama unaona ng'ambo, unaona milima ya Rwanda na taa za watu. Lile la Toronto lilikuwa jivu tu mpaka mwisho wa macho. Nilimsihi turudi. "Eko huku," aliniambia. "Lazima eko huku." Nilidhani akili zake nazo zimeanza kuondoka.

Alikutwa Jumatatu na mtu aliyekuwa akitembeza mbwa. Hakuwa mbali. Toronto, kumbe, ina kule chini kwake, ila kumefichwa: yale mabonde ya vijito yanayokatiza chini ya barabara, yamejaa miti, unaweza kupita juu yake kwa basi mwaka mzima usijue. Dereva alikumbuka kumteremsha mzee wa kofia ya sufu kituo kimoja kabla ya daraja. Theluji ilikuwa imeanza kuanguka, nyumba za upande ule zinafanana zote, na inaelekea alizunguka mpaka akapata njia inayoteremka. Alikuwa ameegemea mti, uso ameuelekeza kwenye maji. Viatu vyake vilikuwa juu ya jiwe, kimoja kando ya kingine, soksi zimekunjwa ndani. Kwenye viatu ndipo kila mtu alipokwama. Daktari alieleza kwamba baridi ikimzidi mtu humdanganya, akahisi joto, akavua nguo. Lakini Papa Deo alikuwa na koti lake, amelifunga vifungo vyote. Alivua viatu tu.

Jioni ile polisi wawili walikuja. Waliketi kwenye meza ya jikoni na buti zao, bugali wa jana upo pale pale chini ya sahani iliyofunikizwa. Mmoja, mwanamke kijana mwenye uso mpole, aliuliza kama wangoje mkalimani. Mama Mdogo akanionyesha kwa kidevu. "Huyu mutoto anajua," akasema. Basi nikatafsiri. Jina lake, umri wake, ugonjwa wake. Nani alimwona mwisho. Kisha yule polisi akauliza mzee aliambiwa nini alipokuwa akitoka, na mimi nilikuwa na kipande cha jibu masikioni mwangu.

Mama Mdogo aliitazama ile sahani. "Nilimuambia ashuke kwenye daraja," akasema.

Wanaozungumza Kiswahili hawahitaji kuelezwa. Mtu hushuka mlima na hushuka basi, neno ni lile lile, na hakuna anayechanganyikiwa. Kiingereza hakikuniacha nipumzike hivyo. Kilinipa maneno mawili na kunitaka nichague moja: au alimwambia mumewe atoke ndani ya basi atakapofika darajani, au alimwambia pale darajani aende chini. Moja lilikuwa maelekezo. Jingine, kwa masikio ya polisi, na kwa masikio yangu pia niliyesikia ile simu, lilikuwa kitu kingine kabisa. Nilifikiria kesi yetu. Nilimfikiria Esta aliyekuwa amelala chumba cha pili, na habari tulizosikia za watoto wanaochukuliwa na serikali. Nilimtazama Mama Mdogo anisaidie, hakuinua uso. Nikachagua la basi. Polisi akaandika, akatupa pole, wakaondoka, wakiacha madimbwi mawili ya theluji iliyoyeyuka chini ya viti. Tangu hapo kutafsiri kumekuwa kazi yangu, hospitalini na mbele ya mahakimu, na sijakutana na neno zito kuliko lile la kwanza.

Hatukulizungumza tena. Kwa heshima, au kwa woga. Kwetu hivi viwili hulala chumba kimoja. Tulipewa ukimbizi mwaka uliofuata. Mama Mdogo aliendelea na mikate, akamsomesha Esta, akazeeka, akawa yule mama wa kanisani anayewapikia waliofiwa. Hakuolewa tena. Nilimpenda na nilimshuku kwa wakati mmoja, miaka yote hiyo. Ningekuwa nachambua naye mchicha, tunacheka, halafu nikaangalia mikono yake nikajiuliza: alimtuma? Ukiniuliza niliishije hivyo, nitakwambia mtu huzoea. Hata hita ile ilipotengenezwa ikaacha kugonga, nilikosa usingizi kwa muda.

Mwezi uliopita mapafu yake yalipoanza kushindwa, Kiingereza chake kidogo kilimtoka chote, kikabaki Kiswahili cha nyumbani na Mashi, lugha ya kabila lake. Mchana mmoja, Esta akiwa amekwenda kutafuta kahawa, alinishika kiganja. Akaniuliza kama nakumbuka siku niliyomsemea kwa polisi. Nikasema nakumbuka. "Nilidanganya," akasema. "Sikumuambia kitu ya daraja."

Akanisimulia, akisimama kila mara kutafuta hewa. Vita vilipoingia mjini, yeye na Papa Deo walikimbia kutoka Kadutu pamoja na kilima kizima. Umati ukawatenganisha, na kabla ya kupotezana akampigia kelele juu ya vichwa vya watu: ashuke, afike kwenye maji, angoje, atakuja kumtafuta. Siku ya pili alimpata ufukoni, risasi zikilia upande wa juu, ameketi, viatu vyake juu ya jiwe, miguu ndani ya maji kama mtu aliyekuja kutembea. "Umechelewa," Papa Deo alimwambia, akacheka. Wakati wa amani waliufanya huo kuwa mchezo wao: wakipotezana sokoni, mzee hushuka ziwani kumngoja. Na ile Jumamosi ya Toronto, pale mlangoni, mzee alikuwa amemwuliza swali moja: na akipotea?

"Miye nilikuwa nasinzia nimesimama," Mama Mdogo akaniambia. "Ni kinywa njo kilijibu. Nikamuambia vile vile. Shuka, ufike ku mayi, ungoje, nitakuja kukutafuta. Nilisahau tuko wapi. Nikalala." Akasema kwamba alikwenda, mimi mwenyewe shahidi, siku nzima alikwenda, ila hakujua kwamba mji huu una maji mengine. Hakuweza kuwaambia polisi, wangesema amemwua, na hakuweza kumwambia Esta kwa sababu alianza kwa kungoja akue, na alipokua hawakuwa tena na lugha moja ya kuambiana jambo kama hilo. "Mwambie weye," akasema. "Kingereza yangu haifike kule eko. Na Kiswahili yake haifike huku niko." Machozi yake yalikwenda pembeni, masikioni. Na ile jioni ya mwisho, walipokuwa wakikishusha kitanda, alikuwa anajaribu kumwambia mwenyewe.

Niliegesha gari kabla ya daraja. Esta alishuka na viatu vyake vya mazishi, tukasimama kwenye ukuta wa zege, mabasi yakipita nyuma yetu na kulitikisa daraja zima. Chini miti ilikuwa mitupu na kijito kilionekana vizuri, chembamba, cheusi. Miaka yote anapita hapa, alisema, hajawahi kusimama. Nikamwambia kila kitu, kwa Kiingereza, polepole, kama ninavyofanya kazini: anachosema mtu ndicho ninachosema, bila kuongeza wala kupunguza. Nilimweleza vilima kwanza, maana bila vilima jambo lenyewe halina maana. Nikamweleza ngazi za jengo, Nguba na Nyawera na Kadutu. Nikamweleza vita na jiwe na viatu. Nilipofika kwenye lile swali la mlangoni nikalazimika kuanza upya.

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuondoa macho kwenye maji. Kisha akaniuliza lile alilokuwa amelibeba tangu utotoni: barabara ilikuwa hapa hapa, alisikia magari, kwa nini hakupanda?

"Hakutaka kufa, Esta," nikamwambia. "Aliambiwa angoje."

Basi jingine lilipita. Esta alifuta uso kwa mkono wa koti, akatazama kushoto na kulia mpaka akaiona njia ya miguu inayoteremka kati ya miti, yenye matope na majani yaliyooza. Viatu vile vingeharibika. Nilifungua mdomo kumwambia hivyo, naye akanitangulia, kwa Kiswahili, akilitafuta kila silabi.

"Tushuke, Yaya," akasema.

Tukashuka.